Kiwewe na moyo: anza mazoezi kwa dakika kumi

Aliyenusurika ajali ya bodaboda, kuzama na mtumbwi, au mafuriko ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, anaweza kupona majeraha yote huku mwili ukibaki kwenye tahadhari; hicho ndicho kiwewe. Mapigo yanakwenda mbio hata akiwa amekaa barazani, usingizi unakatika, presha inapanda. Hali hiyo ikidumu miaka, mishipa ya damu huchakaa. Wenye kiwewe cha muda mrefu huugua moyo zaidi ya wengine, hata ukiweka kando sigara na pombe.

Mazoezi yanagusa hapohapo. Moyo uliozoeshwa hupiga taratibu ukipumzika na hutulia upesi baada ya kushtuka. Presha hushuka kiasi, usingizi huwa bora. Dalili za kiwewe nazo hupungua, ingawa ushauri nasaha bado unahitajika.

Kinachowakwamisha wengi ni mdundo wenyewe. Moyo ukienda mbio, jasho likitoka, pumzi ikikata, mwili unakumbuka siku ile. Mtu anakimbia mita 200, anashikwa na hofu, anarudi nyumbani na hajaribu tena. Ndiyo maana sipendi kumwambia mgonjwa “kafanye mazoezi” halafu basi.

Anza na dakika 10, mara 3 kwa wiki: 3 za polepole, 4 za mwendo wa haraka unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba, kisha 3 za polepole. Usisimame ghafla, damu hubaki miguuni, unapata kizunguzungu, na kizunguzungu huita hofu. Mwendo wa haraka ukiisha, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Hesabu tena baada ya dakika 2. Kuona namba ikishuka yenyewe ndiyo dawa kubwa ya zoezi hili: unajionea kwamba moyo ulipanda na umerudi, na hukudhurika. Ongeza dakika 5 kila wiki hadi 30, kisha ongeza siku hadi ziwe 5.

Ukitumia atenololi au propranololi, dawa za presha na moyo zinazopunguza kasi ya mapigo, mapigo hayatapanda sana. Fuata kipimo cha kuongea, na usiache dawa. Kahawa chungu iache mpaka umalize.

Ufukwe wa Shangani, mjini Mtwara, ni mzuri maji yakipwa, mchanga ukiwa mgumu; ule laini huchosha moyo kabla ya wakati. Lakini aliyeponea baharini aanzie uwanja wa wazi, anapoona kila anayekuja, bila spika za masikioni. Novemba hadi Machi, joto la Mtwara na Lindi linataka umalize kabla ya saa moja na nusu asubuhi.

Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, usianze. Muone daktari kwanza. Na kifua kikibana, maumivu yakaenda mkononi au tayani, au ukazimia, usijiambie ni hofu tu. Wahi hospitali ya Ligula (Mtwara), Sokoine (Lindi) au nyingine iliyo karibu.