Mtaa unaopitika: maana yake kwa mtu wa miguu

Mvua za masika zikikaza, redio hutangaza kwamba barabara fulani haipitiki. Haipitiki na nani? Na magari. Mtu wa miguu hupita tu, viatu mkononi, suruali imekunjwa magotini, na hakuna anayemtangaza. Neno letu la kupitika tumeliachia magurudumu, na watetezi wa mitaa wanataka lirudishiwe miguu.

Mtaa unaopitika kwa miguu ni ule ambao mkazi hutoka nyumbani akafika dukani, msikitini, shuleni au zahanati bila kuhatarisha maisha na bila kuzunguka kusiko na maana. Masafa yana nafasi yake. Wapangaji wa miji hupenda kipimo cha mita 400, ambazo mtu mzima huzimaliza kwa kama dakika tano. Lakini mita 400 za kivuli na mita 400 za jua la saa saba la Februari si kitu kimoja. Na njia ikikatika mahali pamoja tu, mzee mwenye bakora huwa hana njia.

Ukitaka kuiona dhana hii imejengwa kwa mawe, nenda mji mkongwe wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Vichochoro ni vyembamba, punda mwenye shehena apite na wewe ujibane ukutani. Kuta ndefu za mawe ya matumbawe hukufunika na jua karibu kutwa, na penye wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kuunga nyumba mbili, unapata kivuli kamili. Mbele ya mlango pana daka lenye baraza za kukalia, basi mchovu hupumzika na mwenyeji huona nani anapita. Jane Jacobs, aliyepigania mitaa ya New York miaka ya 1950 na 1960, alisema macho ya watu ndiyo hulinda njia. Waamu walikuwa na macho hayo zamani, na hawakuyatafutia jina.

Nisiipambe kupita kiasi. Mitaro ya Lamu hunuka, ngazi zake ni mtihani kwa mwenye kiti cha magurudumu, na pikipiki zimeleta ugomvi mahali ambapo mtoto alizoea kukimbia bila kutazama nyuma.

Hapa Malindi tuna kipande chetu cha kale, Shela (si ile ya Lamu), lakini wengi wetu tunaishi kwenye mitaa iliyokua pamoja na tuktuk. Siku moja nilimsindikiza shangazi yangu sokoni. Kwa mwendo wangu ni dakika kumi. Aliteremka barabarani mara saba: mara nne kwa sababu ya mitaro isiyo na mfuniko, mara mbili tuktuk zimeegeshwa juu ya njia ya miguu, na mara moja nguzo ya stima imesimama katikati yake. Kila akiteremka aliniambia, “Nishike mkono, mwanangu, hawa hawana breki.” Tulifika baada ya dakika ishirini na tano.

Hapo kuna anayeruka kuwalaumu wachuuzi. Mimi sikubali. Mama wa viazi karai ni sababu mojawapo ya watu kutembea, na usiku taa yake ndiyo taa ya mtaa. Dawa ni njia iwe pana. Viti viwili vya magurudumu vikipishana vyahitaji kama mita 1.8, na meza ikae nje ya hizo.

Utetezi wenyewe hauna maandamano mengi. Ni kupita njia na watu ambao imewashinda, kupiga picha kila kikwazo, kisha kuomba kitu kinachohesabika. “Tunataka mtaa mzuri” hakuna mhasibu anayejua kuiandika. Mifuniko minne, tuta moja mbele ya madrasa na miarobaini mitatu, hayo yanaingia kwenye bajeti.

Halafu ujue mwenye barabara. Nyingine ni za kaunti, nyingine za mamlaka za kitaifa: KeNHA ya barabara kuu, au KURA ya barabara za mijini. Sisi ombi letu la kwanza lilikaa wiki sita kwenye ofisi moja, ndipo tukaambiwa barabara si yao. Haki ya kuwasilisha ombi imo katika ibara ya 37 ya Katiba ya Kenya ya 2010, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu mwananchi kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti. Ila haki isiyo na kalenda huchelewa. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hutakiwa mezani pa bunge hilo kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Ukienda kumlilia mwakilishi wadi mwezi Juni, pesa zimeshagawanywa, atakupa pole na soda.

Mfuniko mmoja tuliufunga wenyewe, kwa mchango wa mtaa: nondo, simiti na fundi wa jirani aliyekataa ujira. Shangazi aliugonga kwa bakora mara mbili kabla ya kuukanyaga. Mitatu iliyobaki imo kwenye barua, pamoja na picha, na safari hii tumeipeleka Julai.