Je, Wajua Kwa Nini Familia za Buffalo Hupanga Mlo wa Wiki Nzima Kabla Theluji Haijaanguka?

Mtu aliyekulia Kigoma, Bukavu au Mombasa hana sababu kubwa ya kuandika siku ya Jumamosi kitoweo atakachokula Alhamisi. Jioni inapokaribia, mtoto hutumwa gengeni, akarudi na nyanya, vitunguu, fungu la mchicha na dagaa wa kutosha sufuria moja, na kesho yake safari hiyo hurudiwa. Katika maisha ya namna hiyo soko ndilo ghala la nyumba: ndilo linalotunza chakula, ndilo linalobeba hasara ya mboga zinazonyauka, na ndilo linaloamua, kwa mzigo uliofika alfajiri, leo watu watakula nini. Familia hiyo hiyo inapohamia Buffalo, katika jimbo la New York nchini Marekani, ambako wanaishi watu wengi waliotoka Kongo, Burundi, Somalia na kambi za wakimbizi za Tanzania na Kenya, kazi ya soko huhamia jikoni. Kuanzia katikati ya Novemba hadi Machi nyumba hulazimika kuwa ghala, na karatasi ya mlo wa wiki iliyobandikwa kwenye mlango wa friji huwa ndiyo daftari la ghala hilo.

Sababu ya kwanza iko ziwani. Ziwa Erie, lililo upande wa kusini-magharibi wa mji, lina kina kifupi kuliko Maziwa Makuu mengine yote ya Amerika Kaskazini, wastani wa mita 19 tu, kwa hiyo hupata joto upesi wakati wa kiangazi, na baridi inapoanza maji yake huwa bado na joto kuliko hewa iliyo juu yake. Upepo mkavu wenye baridi kali unapovuma kwa kufuata urefu wa ziwa, ambao ni takribani kilomita 390, hujaa mvuke, na mvuke huo hushuka kama theluji mara tu upepo unapofika nchi kavu. Theluji ya aina hii huanguka kwa mikanda myembamba. Mnamo Novemba 2014 vitongoji vya kusini mwa Buffalo vilifunikwa na theluji yenye kimo cha zaidi ya mita 1.5, ilhali mitaa ya kaskazini ilipata sentimita chache tu. Watabiri wa hali ya hewa hujitahidi sana kutaja siku, lakini kutaja ni mtaa gani utakaofungiwa ndani ni jambo gumu zaidi, na ndiyo maana kila nyumba hujiandaa kana kwamba mkanda huo utapita juu ya paa lake.

Tufani ya Desemba 2022 ilionyesha kufungiwa huko kunaweza kuwa kwa muda gani. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 23, uendeshaji wa magari ulipigwa marufuku katika Kaunti ya Erie, ambamo Buffalo imo, na tangazo lilitoka wakati hali ilikuwa imeshaanza kuchafuka. Upepo na theluji viliziba macho ya watu kwa saa 37 mfululizo, uwanja wa ndege ulipima takribani sentimita 130 za theluji, umeme ulikatika katika nyumba nyingi, na zaidi ya watu 40 walifariki katika kaunti hiyo. Ndani ya mji wa Buffalo marufuku iliondolewa tarehe 29. Mtu aliyekuwa amezoea kununua mkate na maziwa ya siku mbili alijikuta na siku sita mbele yake, na maduka mengi yamefungwa.

Kuna hesabu moja ambayo familia ngeni huichelewa, nami naona ndiyo inayoeleza vizuri zaidi kwa nini chakula cha wiki huisha Jumatano wiki ya theluji inapofika. Shule za umma za Buffalo huwapa wanafunzi kifungua kinywa na chakula cha mchana bila malipo. Siku ambayo shule hazifunguliwi kwa sababu ya theluji, milo hiyo miwili ya kila mtoto huhamia nyumbani. Nyumba yenye watoto wanne, shule zikifungwa siku tatu, hudaiwa milo 24 ambayo haikuwamo katika ununuzi wa Jumamosi. Mama aliyepanga kwa uangalifu, akapima mchele na kuhesabu mayai, huona vyote vimeisha na huanza kujilaumu kwamba amefuja, kumbe hakuna kilichofujwa. Watoto walikula nyumbani kile ambacho kwa kawaida hukila shuleni. Kwa hiyo mpango mzuri wa majira ya baridi huwa na sehemu ya pembeni isiyotajwa siku: mfuko wa oti kwa uji, siagi ya karanga, maharage ya kopo na pakiti mbili za tambi, vitu visivyoguswa mpaka redio au simu itangaze kwamba shule zimefungwa.

Tarehe nayo ina uzito wake. Familia nyingi zenye kipato kidogo hununua chakula kwa kadi ya mpango wa serikali unaoitwa SNAP, na katika jimbo la New York, nje ya Jiji la New York, fedha za mpango huo huingia kwenye kadi katika siku tisa za kwanza za mwezi. Ununuzi mkubwa hufanyika wakati huo, na wiki ya nne ndiyo nyembamba kuliko zote. Tufani ya 2022 ilianza tarehe 23, wakati ambapo katika nyumba nyingi za aina hiyo kadi ilikuwa karibu tupu. Ndiyo sababu wazoefu hununua akiba ya theluji mwanzoni mwa mwezi, kilo chache kwa wakati mmoja kuanzia Septemba au Oktoba: mchele, unga mweupe wa mahindi, maharage, choroko, dengu, mafuta, chumvi, majani ya chai. Anayengoja tangazo la tufani hukuta foleni ndefu, na rafu za mkate na maziwa zimekwisha kuachwa wazi.

Baada ya kununua, kuna swali la nini kiliwe kwanza. Watu wengi hupanga mlo kwa hamu ya walaji: kuku ni wa Jumapili, maharage ni ya siku za kazi. Katika nyumba iliyogeuka ghala, kinachopanga ni uozo. Samaki mbichi na kuku mbichi hukaa ndani ya friji siku moja au mbili tu, nyama ya ng'ombe ya vipande siku tatu hadi tano, spinachi nayo siku tatu hadi tano, ilhali kabichi, karoti na vitunguu huvumilia wiki kadhaa na mayai hukaa wiki tatu au zaidi. Basi aliyenunua Jumamosi hupika samaki na spinachi Jumamosi na Jumapili, nyama na sukuma wiki Jumatatu na Jumanne, kisha hushuka kwenye kabichi na mayai, na mwisho wa wiki humkuta na maharage, dagaa na vilivyogandishwa. Mpangilio huo una faida nyingine kubwa: theluji ikianguka siku yoyote ya wiki, kinachobaki ndani ni kile kinachovumilia. Aliyepanga kinyume, akaacha samaki wake kwa ajili ya Ijumaa, hubaki na kitu kinachoharibika wakati hawezi kutoka kutafuta kingine.

Hapa sukuma wiki inastahili neno lake, maana jina lenyewe limebeba mpango wa chakula. Katika maduka makubwa ya Marekani huuzwa kwa jina la collard, hulimwa kwa wingi katika majimbo ya kusini, na hupatikana hata kwenye baridi kali. Tena jani lililopigwa na umande wa barafu shambani huwa tamu zaidi, kwa sababu mmea hujikinga na baridi kwa kukusanya sukari. Ukitaka kuligandisha, lichovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika tatu, kisha kwenye maji ya barafu, lichuje na ulitandaze kwenye mfuko bapa. Maji ya moto huzima vimeng'enya ambavyo vingeendelea kuharibu rangi, ladha na vitamini hata ndani ya friza, na ubapa wa mfuko husaidia kugandisha haraka.

Haraka hiyo si jambo dogo. Chakula kinapoganda polepole, maji yaliyomo hufanya fuwele kubwa za barafu zinazopasua kuta za seli, na kikiyeyuka huwa tepetepe. Kikiganda kwa kasi, fuwele huwa ndogo na madhara hupungua. Wainuiti, wenyeji wa asili wa Labrador nchini Kanada, walilijua hilo kwa vitendo tangu zamani, kwani samaki waliyemvua katika baridi kali aliganda papo hapo na alipoyeyushwa baada ya miezi alikuwa na ladha ya samaki mbichi. Mmarekani Clarence Birdseye aliyaona hayo kwao alipoishi huko katika miaka ya 1910, akatengeneza mashine za kugandisha kwa kasi, na mwaka 1930 vyakula vyake vilianza kuuzwa madukani katika mji wa Springfield, Massachusetts. Pakiti ya sombe, au kisamvu kama wanavyosema Watanzania, inayouzwa imegandishwa katika maduka ya vyakula vya Kiafrika huko Buffalo, inatokana na maarifa hayohayo ya watu wa barafu.

Wengine hupika sufuria kubwa Jumapili ili walishe wiki nzima. Nia ni njema lakini muda hautoshi, kwa sababu chakula kilichopikwa hukaa salama ndani ya friji yenye nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake kwa siku tatu au nne tu. Cha Jumatano kikae kwenye friji, cha Ijumaa kiingie kwenye friza, ambako nyuzi 18 chini ya sifuri huwasimamisha bakteria wasikue, ingawa haziwaui. Wali usiachwe ndani ya sufuria mezani hadi asubuhi, kwa kuwa kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa na kisha hutoa sumu wali unapokuwa vuguvugu; muda wa saa mbili tu ndio mwisho wake. Nayo maharage mekundu yana sumu yao ya asili ambayo sufuria ya umeme ya kupika polepole haifiki joto la kuiharibu. Yalowekwe, maji yamwagwe, na yachemke kwa nguvu kwa nusu saa kabla ya kuingizwa humo.

Safari ya kutoka dukani nayo hupangwa. Ndizi huumia zikipata baridi ya chini ya nyuzi 13 hivi, maganda yakawa meusi na ndizi mbichi zikakataa kuiva, hivyo mfuko wa ndizi hauachwi ndani ya gari wakati mtu anapitia duka la pili. Viazi havitaki friji, kwa kuwa wanga wake hugeuka sukari na vikikaangwa huwa vyeusi. Kwa asiye na gari, anayengoja basi ubavuni mwa barabara ambayo theluji yake haijaondolewa, uzito ndio unaotawala orodha: magunia ya mchele na unga huletwa siku ambayo jirani mwenye gari anakwenda, na mboga za majani hununuliwa kwa kwenda kwa miguu katika maduka madogo ya mtaani, kama yale ya wahamiaji yaliyo kwenye Barabara ya Grant.

Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hutunza baridi kwa saa nne hivi, friza iliyojaa kwa takribani saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Wengi hufikiri kwamba suluhisho ni kutoa nyama nje na kuizika kwenye theluji, lakini jua la mchana huipasha moto hata siku ya baridi na wanyama huifikia. Ni bora kuweka nje vyombo vya maji vigande, kisha kuviingiza ndani ya friji kama barafu. Na jiko la mkaa lisiwashwe ndani kamwe, wala gereji, wala karibu na dirisha lililofunguliwa kidogo. Nyumba za Buffalo zimezibwa zisipitishe upepo, na hewa ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu. Huua watu wakiwa wamelala. Kwa ajili ya saa hizo, mpango uwe na siku moja ya chakula kisichohitaji moto, yaani mkate, siagi ya karanga, samaki wa kopo na matunda, pamoja na kifungulio cha makopo kinachozungushwa kwa mkono.

Ziwa linapoganda katikati ya majira ya baridi, mvuke hupungua na theluji ya ziwani hupungua pamoja nao, ndipo familia huanza kula akiba ya friza badala ya kuijaza. Kujaza upya hakungoji Oktoba. Huko Orchard Park, kusini mwa Buffalo, kuna shamba la Providence Farm Collective, lililoanzia kwa wakulima Wabantu wa Somalia, ambako wakimbizi na wahamiaji hupanda mboga na mahindi ya kwao katika miezi michache ya joto. Mavuno ya Agosti ndiyo yanayoweza kuchovywa, kuchujwa na kutandazwa kwenye mifuko bapa, kila mmoja ukiandikwa tarehe kwa kalamu, nao hupangwa ndani ya friza ule wa zamani ukiwa juu.