Ukifuta ibara, kodi ya mshahara inabaki

Kila Juni, bajeti ikishasomwa hapa Dodoma, kwenye vijiwe vya kahawa vya Majengo hakosekani wa kusema: "Wenzetu Marekani wanaitoa kodi ya mapato kwenye Katiba. Sisi tunangoja nini?"

Madai ya kwanza ni kwamba kodi hiyo ilizaliwa na Marekebisho ya 16 ya Katiba ya Marekani, mwaka 1913, kwa hiyo yakifutwa nayo inakufa. Si kweli. Walianza kuitoza wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, wakaiacha 1872. Wakairudisha 1894, na mwaka uliofuata mahakama yao ya juu ikaiangusha. Ugomvi ulikuwa kwenye mapato ya mali, yaani pango la nyumba na gawio la hisa: mahakama ilisema kodi ya namna hiyo lazima igawanywe kwa idadi ya watu wa kila jimbo. Marekebisho ya 16 yaliondoa sharti hilo tu. Ukiyafuta bila kuongeza neno, anayepumua ni mwenye hisa. Karani anayekatwa kwenye mshahara bado yumo. Ndiyo maana wapingaji makini huandika pia kifungu cha kulikataza Bunge kuitoza kabisa.

Eti kufuta marekebisho ni rahisi? Inahitaji theluthi mbili za kila baraza la Bunge lao, kisha majimbo 38 kati ya 50. Mpaka leo wamefuta marekebisho mamoja tu, yale ya kupiga marufuku pombe, mwaka 1933.

Linalonikera zaidi ni hili la "mshahara utakuja mzima". Muswada unaojulikana sana, FairTax, uliopelekwa bungeni mara ya kwanza 1999, unaweka mahali pa kodi ya mapato kodi ya mauzo ya asilimia 23. Sasa shika kalamu. Kitu cha 100 kinaongezwa kodi 30, unalipa 130. Hiyo 30 ni asilimia 23 ya 130. Kwa hesabu yetu ya VAT, ambapo asilimia 18 huwekwa juu ya bei, hiyo ni asilimia 30! Wana rejesho la kila mwezi kwa kila kaya, tuwe wakweli, lakini wauzaji wa ndoto huanza na 23.

Na kwetu? Ibara ya 138 ya Katiba yetu inasema kodi hutozwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Haisemi lazima mshahara ukatwe. Kodi ya maendeleo iliondolewa 2003 bila Katiba kuguswa. Kinachohitaji Katiba ni kuitoa kodi ya mapato kwenye orodha ya mambo ya Muungano: hapo zinatakiwa theluthi mbili za wabunge wa Bara na theluthi mbili za wa Zanzibar.

Kijana anayetumiminia kahawa hana hati ya mshahara. Kodi ya mtindo wa FairTax ingemkuta dukani, akinunua sukari.