Simu inatosha, ila usiiachie iamue: dhana potofu kuhusu filamu fupi za wanafunzi

Ukikaa na wanafunzi wanaotaka kutengeneza filamu fupi, wawe klabu ya sekondari inayojiandaa kwa tamasha la kitaifa la maigizo na filamu huko Kenya au wanachuo wa sanaa wa Dar es Salaam na Bagamoyo, mazungumzo huanza na vifaa. Kamera gani, lenzi gani, kompyuta ya nani. Naamini kwa dhati kwamba mazungumzo haya yanawachelewesha vijana wenye hadithi nzuri, kwa sababu teknolojia wanayoitafuta wengi wao tayari wanayo mfukoni. Shida iko kwingine. Simu imetengenezwa imwamulie mtumiaji karibu kila kitu: mwanga, rangi, kasi ya picha, kiwango cha sauti. Kwa picha za harusini huo ni msaada mkubwa. Kwenye filamu, kila uamuzi ulioachiwa simu ni uamuzi ambao mwongozaji hakuufanya, na mtazamaji anauona.

"Bila kamera ya maana hakuna filamu"

Mwaka 2015 filamu ya Tangerine, ya mwongozaji Mmarekani Sean Baker, ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Sundance. Ilirekodiwa kwa iPhone 5s. Simu nyingi za kawaida zinazouzwa leo zinarekodi picha iliyo bora au inayolingana na ile.

Habari hiyo ilienea na kuzaa dhana ya pili, kwamba simu ikishakuwepo basi mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Timu ile ilifunga lenzi ya ziada mbele ya simu ili kupata picha pana ya kisinema. Ilitumia programu ya FiLMiC Pro iliyoiwezesha kufunga mwanga na fokasi (ukali wa picha) kwa mkono. Sauti ilirekodiwa kando kwa vifaa vya kitaalamu, na rangi zikafanyiwa kazi kwa makini baada ya kuhariri. Fedha waliyookoa kwenye kamera haikuwaokolea kazi.

Mwanafunzi naye anaweza kuchukua madaraka hayo. Simu nyingi za Android zina sehemu ya kurekodi kwa mkono ndani ya kamera yake, na ipo programu ya bure, Blackmagic Camera, kwa Android na iPhone. Humo utakuta kasi ya shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), fokasi na joto la rangi (picha iegemee manjano au bluu). Siku mbili za kuzichezea kabla ya kushuti zina faida kuliko mwezi wa kusubiri kamera ya kukodi.

"Otomatiki haikosei"

Inakosea, na hapa kwetu ina namna zake za kukosea.

Chukua taa za darasani. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, kwa hiyo taa ya tyubu, na LED nyingi za bei rahisi, mwanga wake hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera inaona. Simu nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye fremu, yaani picha moja moja, 30 kwa sekunde, kasi inayoendana na nchi za umeme wa hezi 60 kama Marekani. Matokeo yake ni mistari ya kiza inayopanda ukutani nyuma ya mwigizaji, na hakuna anayeiona mpaka filamu iwekwe kwenye projekta. Simu mpya hujaribu kujirekebisha zenyewe, lakini usibahatishe: weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Mwanga ukizidi, 1/100. Mistari inapotea.

Halafu kuna ngozi zetu. Kamera ikiwa otomatiki hupima fremu nzima na kuipeleka kwenye mwanga wa wastani. Msimamishe mwigizaji mweusi mbele ya ukuta mweupe au dirisha la mchana, simu itaona weupe mwingi na kupunguza mwanga; uso unabaki kivuli chenye meno. Wanafunzi wanalaumu simu, wengine wanampaka mwigizaji poda. Teknolojia ya picha ina historia yake hapa: kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na ngozi nyeusi haikuwa kipimo cha mtu. Dawa haina gharama. Gusa uso kwenye kioo, shikilia mpaka mwanga ufungike, kisha pandisha kidogo kwa kidole. Mgeuze mwigizaji dirisha liwe ubavuni mwake, si mgongoni. Upande wa pili mwenzako ashike karatasi nyeupe ya manila irudishe mwanga shavuni. Ngozi nyeusi hupokea mng'ao kwa uzuri wa ajabu, na manila moja inatosha kuuonesha.

Video za mafunzo za Ulaya husifia sana mwanga wa jioni, nao kweli ni mzuri. Ila kwao jua hushuka kimshazari na kuchelewa kuzama. Kwetu karibu na ikweta linadondoka wima. Nairobi, Mombasa na Dar, jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro, mwanga laini unadumu kama nusu saa, na dakika ishirini na kitu baada ya kuzama ni giza. Mazoezi yawe yameisha saa 11, kila mtu akiwa mahali pake. Na kama ratiba inawalazimisha kushuti saa 6 mchana, jua la utosi litachimba mashimo meusi machoni, ingieni barazani. Baraza ni bora kuliko chini ya mwembe, kwa sababu majani hupitisha madoa ya jua yanayohamahama usoni na kuharibu mfululizo wa shoti.

"4K ndiyo filamu"

Kopi ya kidijitali ya 2K ambayo majumba ya sinema yameitumia kwa miaka mingi ina nukta 2048 kwa 1080. HD kamili ya simu yako ni 1920 kwa 1080. Tofauti ni ndogo mno kumnyima mtu usingizi. Kwenye iPhone, dakika moja ya 4K (picha yenye nukta mara nne ya HD) kwa fremu 30 hula takribani MB 170, ilhali HD hula kama MB 60, na kompyuta mpakato ya shule inayohangaika na Word haitaihurumia 4K yako. Faida yake ya kweli ni moja, kwamba unaweza kuikata fremu na kuikaribia wakati wa kuhariri. Kama huna mpango huo, rekodi HD. Tumia lenzi kuu ya nyuma, na ukitaka kumkaribia mtu, nenda kwa miguu badala ya kuvuta kioo kwa vidole.

"Picha kwanza, sauti tutairekebisha mbele ya safari"

Hapa ndipo filamu nyingi za wanafunzi zinapofia, na ndipo ningependa msomaji akae zaidi.

Mtazamaji huvumilia picha yenye chengachenga, hata iliyotikisika. Asiposikia maneno, anaanza kuongea na jirani yake. Wala hakuna programu ya kurudisha neno lililomezwa na feni. Programu za kusafisha sauti hupunguza mvumo wa kudumu kama wa friji, lakini hukata na sehemu ya sauti ya binadamu, mpaka mwigizaji anasikika kama anaongea ndani ya pipa. Mwangwi wa darasa lenye sakafu ya saruji na kuta tupu ni mgumu zaidi kuuondoa, na mvua juu ya bati, sahau.

Chanzo ni umbali. Maiki ya simu iko palepale simu ilipo. Ukirudi nyuma mita tatu ili upate shoti pana, masikio ya filamu nayo yamerudi mita tatu. Kila umbali kati ya mdomo na maiki unapoongezeka mara mbili, sauti inayokuja moja kwa moja kutoka kwa msemaji hushuka kwa desibeli 6, huku kelele za chumba zikibaki zilivyo.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kutafuta ni simu ya pili. Chomeka maiki ndogo ya kubana kwenye kola, tumbukiza simu hiyo mfukoni mwa mwigizaji ikiwa kwenye hali ya ndege isije ikaita katikati ya tukio, na programu ya kurekodi iwe kwenye kilohezi 48, kipimo cha kawaida cha sauti ya video. Hata bila maiki yoyote, simu iliyofichwa nyuma ya daftari mezani, nusu mita kutoka mdomoni, itaishinda ile ya mita tatu. Kabla ya mazungumzo kuanza, mtu asimame mbele ya kamera apige kofi moja kali. Ukifika kwenye kuhariri utaona viganja vinavyokutana kwenye picha, na kwenye mchoro wa sauti utaona mwiba mmoja uliosimama. Vilinganishe hivyo viwili, tukio zima limekaa sawa.

Lokesheni nayo ichaguliwe kwa masikio. Nendeni saa ileile mtakayoshuti, mkae kimya dakika kadhaa mmefumba macho: mashine ya kusaga, bodaboda, kengele ya shule ya jirani, spika za msikiti na za kanisa, jenereta la saluni. Ukanda wa pwani una upepo wa mchana unaogonga maiki kwa nguvu. Kipande cha sponji ni cha lazima, si pambo. Na kila tukio likiisha, kabla watu hawajatawanyika, wote wanyamaze sekunde 30 urekodi ukimya wa mahali pale. Kila chumba kina ukimya wake, na bila huo, kila mkato kwenye filamu utasikika.

"Kuhariri kunataka programu ya hela, au ya krak"

Krak, yaani programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, huleta virusi, na virusi vikifika kwenye kompyuta ya shule kazi za darasa zima zinaondoka. DaVinci Resolve ya bure hutoa filamu mpaka 4K bila kubandika nembo, na ndiyo programu inayotumiwa na wataalamu wa rangi duniani. Inataka kompyuta yenye nguvu. Kama yenu ni dhaifu, Shotcut na Kdenlive ni za bure pia na ni nyepesi zaidi.

Jambo moja linalowatesa wengi bila kujua chanzo: simu nyingi hazirekodi fremu kwa kasi isiyobadilika. Hupunguza na kuongeza kadiri ya mwanga. Ndiyo maana sauti uliyoirekodi kando inaanza sawa, halafu dakika ya nne midomo inaachana na maneno. Pitisha video kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure, uchague kasi ya fremu isiyobadilika, kisha ndipo uanze kuhariri. Na video zote ziwe na nakala mbili katika vifaa viwili, vinavyokaa nyumba mbili.

"Ikiwa ndefu itaonekana ya maana"

Tumekulia kwenye filamu za DVD zilizouzwa Part 1 na Part 2, na mazoea hayo wanafunzi wanayarithi. Matamasha yana vipimo vyao. Cannes hupokea filamu fupi zisizozidi dakika 15. Tuzo za Oscar huhesabu filamu fupi kuwa isiyozidi dakika 40, majina ya mwisho yakiwemo. Dakika saba zilizojaa zinaonesha uwezo wako kuliko dakika thelathini za watu kupanda na kushuka kwenye gari.

Wengine huwaigizisha wenzao kwa Kiingereza ili "wazungu waelewe", na waigizaji wazuri wanakauka mdomoni. Waache waseme lugha yao. Manukuu ya tafsiri ni faili dogo la maandishi la SRT, mwanafunzi mmoja makini analimaliza jioni moja. Tamasha la Nchi za Jahazi la Zanzibar, linalojulikana kama ZIFF, limekuwa likionesha filamu kutoka nchi nyingi na lugha nyingi tangu mwaka 1998.

"Ni kazi ya shule, ruhusa ya nini?"

Filamu ikishaoneshwa hadharani si kazi ya shule tu. Tanzania na Kenya zote zina sheria ya filamu na bodi ya kuisimamia, basi mwalimu aulize mapema. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, awe nayo mwanafunzi au tajiri.

Linaloumiza zaidi ni muziki. Eti sekunde 30 za wimbo hazina kosa. Eti ukiandika jina la msanii mwishoni umemaliza. Hakuna sheria ya sekunde 30, si Kenya wala Tanzania, na kumtaja msanii si kupewa ruhusa naye. Wimbo uliomo ndani ya TikTok au CapCut uko kwa matumizi ya humo. Tamasha ni habari nyingine. Hata muziki wa leseni huria za Creative Commons una masharti: ukiona herufi ND, hairuhusiwi kuirekebisha kazi hiyo, na kuuoanisha muziki na picha kunahesabiwa kuwa marekebisho. Filamu nzuri zimekataliwa na matamasha kwa wimbo mmoja wa dakika moja.

Karibu kila shule ina kwaya, ina anayepiga kinanda, ina kijana anayetengeneza midundo kwenye simu. Mwombeni atunge, kisha mwandikiane: jina la wimbo, jina la filamu, kwamba unaweza kuoneshwa kwenye matamasha na mtandaoni, bila kikomo cha muda, na sahihi za pande zote mbili. Kama ni mdogo chini ya miaka 18, mzazi naye asaini. Karatasi hiyo ipigeni picha na muihifadhi kwenye folda moja na filamu.