Kwa nini mbegu za maboga zinakamulika kirahisi halafu za zabibu zinakugomea?

Mbegu za maboga, za zabibu, za nyanya, kiini cha kokwa la embe, zote hizo kwenye viwanda vya juisi na mvinyo na nyanya za kopo huwa ni taka tu, na zote zina mafuta ya kula ndani yake. Sasa mtu anauliza, si uzitupie tu kwenye mashine ya kukamulia basi? Kuzitupia unaweza, shida ni utakachopata.

Mafuta ndani ya mbegu hayajakaa sehemu moja yakisubiri kumiminwa. Yako kwenye vitone vidogo mno, kama sehemu moja ya elfu ya milimita hivi kila kimoja, na kila kitone kimefunikwa na ngozi ya protini, halafu vyote vimefungiwa ndani ya kuta za seli. Mashine ya parafujo kazi yake ni kuponda hizo kuta na kubana mpaka mafuta yachuruzike, ila hata ubane vipi kuna mafuta yatang'ang'ania kwenye mashudu, yani makapi yanayobaki baada ya kukamua, kwa kawaida asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wa mashudu yenyewe.

Hapo ndo hesabu inapokuwa tamu. Chukua kilo 100 za mbegu za maboga, tuseme zina mafuta asilimia 45, ukikamua yakabaki asilimia 7 kwenye mashudu unatoka na kilo kama 41, umebakisha 4 tu, nani atalalamika? Sasa weka mbegu za zabibu, tuseme zina asilimia 15. Mashine ni ileile na ubanaji uleule, unapata kilo 8 na nusu hivi na zaidi ya 6 zimebaki ndani ya mashudu, yani karibu nusu ya ulichokuwa unakitafuta umekiacha humo. Kiini cha embe ndo usiseme, mara nyingi kina asilimia 7 mpaka 15 tu, na mafuta yake yenyewe huganda kwenye joto la kawaida la chumbani. Halafu mafuta haya yanafanana sana na siagi ya kakao, mpaka sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu yatiwe kidogo kwenye chokoleti.

Ukizipasha moto mbegu kabla ya kukamua utapata zaidi, maana joto linalainisha mafuta na kugandisha zile protini, lakini rangi na ladha zinabadilika, ndo maana wengine wanang'ang'ania kukamua bila moto wakubali hasara. Unyevu nao ni mtihani: mbegu ikiwa mbichi sana inageuka uji na kuzunguka tu na parafujo, ikikauka kupita kiasi mashine inakwama.

Kwa mbegu zenye mafuta kidogo viwanda vingi vinatumia kiyeyushi, yani kimiminika kinachoyeyusha mafuta na kuyatoa kwenye mbegu, kinachoitwa heksani. Ukitaka kuona kinavyofanya kazi tazama kifaa cha maabara alichobuni Franz von Soxhlet mwaka 1879, yeye alikuwa anapima mafuta ya maziwa. Chini kuna chupa ya kiyeyushi inachemka, mvuke unapanda, unapozwa juu, unadondoka tone tone kwenye unga wa mbegu, chombo chenye unga kikijaa, kiyeyushi kinajinyonya chenyewe kurudi chini na mafuta yake, halafu mzunguko unaanza upya na kila mara unga unaoshwa na kiyeyushi kisafi, ndo maana kwa njia ya heksani mashudu yanaweza kubaki na mafuta chini ya asilimia 1. Heksani inachemka kwenye nyuzi 69 hivi kwa hiyo kuitenganisha na mafuta sio kazi kubwa, ila mtu asijaribu nyumbani jamani! Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kwa chini mpaka ukutane na cheche.

Kuna wanaotumia kaboni dioksaidi. Ukiipasha kupita nyuzi 31 na kuibana zaidi ya mara 73 ya presha ya hewa inakuwa kitu cha katikati, si gesi si kimiminika, inapenya mbegu na kuyeyusha mafuta, ukiachia presha inaruka zake na mafuta yanabaki safi bila harufu ya kemikali. Safi sana, ila vyombo vya kuhimili presha hiyo ni ghali, kwa hiyo mimi naona inafaa kwa mafuta ya bei juu tu. Njia ya maji ya moto na vimeng'enya (protini zinazovunja vitu kama kuta za seli) nayo ipo, ni salama, tatizo mafuta yanachanganyika na maji yanakuwa kama maziwa na kuyatenganisha ni kisirani.

Ila kabla ya kubishana njia ipi kali, kumbuka taka za mbegu zinatoka kiwandani zimelowa. Zikilundikwa hivyo vimeng'enya vyake vyenyewe vinaanza kuvunja mafuta kuwa asidi na yanachacha humohumo ndani ya mbegu, hapo hata ulete mashine gani utakamua mafuta mabovu. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye kikaushio, mashine ya kukamulia itafuata.