Regresheni ya mahali, si ya anga

Nimesikia tena mtu anayekadiria bei za nyumba akitaja "regresheni ya anga", tafsiri ya spatial regression ya Kiingereza. Anga ni ya mawingu na ndege. Nyumba ziko ardhini, zimepakana, na kupakana huko ndiko kunakohesabiwa. Mimi husema regresheni ya mahali.

Kwa kifupi, ni hesabu inayokadiria bei kwa sifa za nyumba (ukubwa, vyumba, umri) huku ikikubali kwamba bei za nyumba jirani hazijitegemei.

Neno regresheni tumerithi kwa mwanasayansi Mwingereza Francis Galton. Mwaka 1886 alichapisha vipimo vya kimo vya watoto 928 waliokwisha kukua, akaonyesha kuwa wazazi warefu mno huzaa watoto warefu, lakini kwa kawaida si warefu kama wao: kimo hurudi kuelekea wastani. Siku hizi hakuna kinachorudi popote; jina limebaki tu. "Mahali" ndilo neno lenye kazi.

Basi mtu huongeza kwenye data yake safu ya umbali hadi katikati ya mji, au jina la mtaa, akatangaza kuwa ametumia regresheni ya mahali. Hiyo ni regresheni ya kawaida iliyopewa anwani. Ya mahali huhitaji jedwali la ujirani: nyumba ipi iko karibu na ipi, na kwa uzito gani.

Tena ziko za namna mbili kuu, nazo huchanganywa ovyo. Katika ya kwanza, bei ya jirani yenyewe huivuta yako: muuzaji akisikia nyumba ya pili imeuzwa ghali, naye hupandisha. Katika ya pili bei hazivutani, ila zinaguswa pamoja na jambo lisilo kwenye data, kama harufu ya dampo. Ukiipuuza ya kwanza, makadirio yenyewe hupinda. Ukiipuuza ya pili hayapindi, ila mara nyingi utayaamini kuliko yanavyostahili.

Safu yako ya umbali usiifute, huenda inasaidia sana. Ila kabla ya kuipa kazi hiyo jina kubwa, chukua mabaki, yaani tofauti kati ya bei halisi na ulizokadiria, uyapime kwa kipimo cha ufanano wa majirani alichotoa mtakwimu Moran mwaka 1950. Kikionyesha kuwa mabaki makubwa yamekaa na makubwa, na madogo na madogo, majirani bado wana neno ambalo hesabu yako haijalisikia.