Sukari tano kwenye prolini ya 143

Mtu akisikia nafanya kazi na amiba, swali lake la kwanza huwa lile lile: hiyo ya kuhara damu? Hiyo nitaifikia. Amiba ninayoshinda nayo maabara ni nyingine kabisa, haina ugomvi na binadamu. Jina lake Dictyostelium discoideum. Makazi yake ni udongo na majani yaliyooza msituni, chakula chake bakteria. Mwanasayansi Kenneth Raper aliipata mwaka 1933 kwenye udongo wa msitu huko North Carolina, Marekani.

Chakula kikiwepo, kila seli hujitafutia. Kikiisha, seli huanza kuitana kwa kemikali, zinamiminika kutoka kila upande mpaka zinafika kama 100,000, zinashikamana na kuwa koa mdogo wa milimita mbili tatu anayetambaa kufuata mwanga. Halafu koa huyo anasimama wima. Karibu seli moja kati ya tano hufa ili ziwe bua, na zilizobaki hupanda juu ya bua hilo na kugeuka spora, kama mbegu za kusambaa. Shughuli nzima huchukua takriban saa 24. Nimeitazama kwa hadubini mara nyingi mno, na bado kila ikianza naacha chai yangu ipoe.

Kinachoniweka kwenye kazi hii ni sukari. Siyo ya chai, wala ile ya kupimwa kwenye damu. Nazungumzia galaktosi, manosi, fukosi na ndugu zao, zinazoungwa moja moja kwenye protini baada ya protini kutengenezwa. Darasani tunafundisha kwamba DNA inatoa maelekezo, RNA inayabeba, ribosomu inaunga asidi amino, na hapo protini imekamilika. Nami nilifundishwa hivyo. Lakini protini nyingi zikitoka kwenye ribosomu bado ni nusu ya kazi. Vimeng'enya vinazipokea na kuzivisha minyororo ya sukari, na mnyororo ule hauandikwi popote kwenye jeni ya protini yenyewe. Ukisoma jeni hiyo peke yake, hutajua protini imevaa nini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni protini ndogo iitwayo Skp1. Sisi tunayo, chachu inayo, mimea inayo. Kazi yake ni kuwa kiungo katika mtambo unaobandika alama kwenye protini zilizokwisha muda wake ili zikavunjwe. Upande mmoja Skp1 inashika mwili wa mtambo, upande wa pili inashika protini za kundi la F-box, ambazo ndizo zinazochagua nani aende kuvunjwa. Bila Skp1 kushika vizuri, takataka hazichaguliwi ipasavyo, na seli haijui lini ibadilishe maisha.

Kwenye Dictyostelium, Skp1 ina sukari tano. Kundi la mtafiti Christopher West ndilo lililofuatilia jambo hili, na mwaka 1998 liliripoti mnyororo huo wa sukari tano. Kinachoshangaza ni mahali penyewe. Vitabu vilisema minyororo ya sukari ya aina hii hujengwa ndani ya vyumba vyenye utando, kwa ajili ya protini zinazokwenda nje ya seli. Skp1 haiendi nje. Inakaa kwenye saitoplazimu na kwenye kiini, na sukari zake huungwa huko huko.

Kazi inaanza na kimeng'enya kinachochukua oksijeni na kuibandika kwenye prolini, mojawapo ya asidi amino za Skp1, iliyo nafasi ya 143. Hapo tu ndipo sukari ya kwanza, N-asetilglukosamini, inaweza kushika. Juu yake inakuja galaktosi, kisha fukosi, kisha galaktosi mbili za mwisho. Sukari tano, zikifuatana kwa mpangilio usiobadilika. Hatua ya kwanza isipofanyika, nyingine zote haziwezekani.

Na hatua hiyo ya kwanza inahitaji oksijeni. Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu. Fikiria koa huyu ndani ya udongo uliolowa. Akisimama kujenga bua akiwa bado chini, spora zake zitabaki matopeni na hazitasambaa. Lazima ajue amefika juu, penye hewa. Kiasi cha oksijeni ni mojawapo ya dalili za kumwambia. Hewa ya kawaida ina oksijeni 21%. Koa wa kawaida husimama hata oksijeni ikishuka hadi kama 10%. Ukiiharibu jeni ya kile kimeng'enya cha prolini, koa hasimami mpaka oksijeni ikaribie ile ya hewa ya kawaida, kati ya 18% na 21%. Ukimwongezea kimeng'enya hicho kupita kawaida, husimama hata kwenye 5%. Yaani Skp1 na sukari zake ni sehemu ya kipimo cha oksijeni cha kiumbe asiye na pua, mapafu wala damu.

Msomaji aliyefuatilia Tuzo ya Nobel ya tiba ya 2019 atakuwa ameanza kuona kitu. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walituzwa kwa kueleza jinsi seli zetu zinavyohisi oksijeni, na kwetu pia ni kimeng'enya cha jamii hiyo hiyo kinachobandika oksijeni kwenye prolini, ila ni kwenye protini nyingine iitwayo HIF. Sisi tunaishia kwenye prolini. Amiba imeendelea, ikajenga juu yake mnyororo wa sukari.

Sukari hizo zinafanya nini hasa? Vipimo vya umbo la protini na hesabu za kompyuta vinaonyesha kwamba mnyororo hulala ubavuni mwa Skp1 na kuuweka mkia wake katika hali ya kunyooka, tayari kushika F-box. Mimi nikiwaeleza wanafunzi nawatajia banzi, kile kijiti anachofunga mganga wa mifupa kwenye mkono uliovunjika. Banzi siyo mfupa wala si msuli, lakini ukiliondoa mkono unakwenda upande.

Unaweza kuiona tofauti hii kwa macho. Unasaga amiba, unaweka sampuli kwenye vishimo vya jeli, unawasha umeme, protini nyepesi zinakimbia chini zaidi ya nzito. Kisha unaitafuta Skp1 kwa kingamwili yake. Ya amiba wa kawaida inatokea kama mstari mweusi, na ya mutanti, yaani amiba aliyeharibiwa jeni, asiye na sukari inakaa chini yake kidogo, labda milimita moja. Mara ya kwanza nilidhani jeli yangu imekimbia upande, nikairudia. Nikaona milimita ile ile. Nikairudia tena siku ya tatu. Milimita hiyo ndiyo uzito wa sukari tano.

Skp1 si peke yake. Maganda ya spora za Dictyostelium yana protini zilizojaa fukosi, na mutanti wasioweza kuitengeneza sukari hiyo huwa na ganda linalopitisha vitu visivyotakiwa kupita. Toxoplasma gondii, kimelea tunachokipata kwenye nyama isiyoiva na kinyesi cha paka, nacho huivisha Skp1 yake sukari tano kwenye prolini, na kikinyimwa kimeng'enya cha hatua ya kwanza hukua kwa kusuasua. Skp1 yetu haivai sukari hizo. Kwa anayetafuta dawa, tofauti ya namna hiyo kati ya kimelea na mgonjwa ni ya thamani kubwa.

Sasa kuna mnyororo mwingine, ule wa vitabuni, unaobandikwa kwenye asparajini, asidi amino nyingine. Binadamu, chachu na Dictyostelium huanza na kifurushi cha sukari 14: N-asetilglukosamini mbili, manosi tisa, glukosi tatu. Entamoeba histolytica, amiba ya kuhara damu, ina saba tu: zile mbili na manosi tano. Giardia, kimelea cha utumbo, na kimelea cha malaria, Plasmodium, wamebaki na zile mbili. Watafiti John Samuelson, Phillips Robbins na wenzao walilipanga jambo hili mwaka 2005, wakaonyesha kwamba inavyoelekea mababu wa viumbe hawa walikuwa na kifurushi kizima, kisha kila ukoo ukapoteza jeni zake. Ndiyo maana silipendi neno «viumbe duni» tunalolikuta kwenye vitabu vya shule. Giardia haikusubiri nyuma wakati wengine wakiendelea. Ilikuwa na mali, ikaitupa, ikaishi vizuri bila hiyo.

Tuje kwenye ile ya kuhara damu. Entamoeba inaingia mwilini ikiwa sisti, yaani imejifunga ndani ya ganda, kupitia maji au chakula chenye kinyesi. Ganda la sisti limejengwa kwa kitini, ambayo nayo ni mnyororo mrefu wa N-asetilglukosamini, na protini za ganda hilo huishika kitini hiyo. Ikifika utumbo mwembamba inavunja ganda na kushuka hadi utumbo mpana, inakutana na ute. Ute wetu umejaa protini zilizovaa sukari nyingi, galaktosi ikiwemo. Juu ya ngozi ya amiba kuna lektini, yaani protini ya kushika sukari, inayoshika galaktosi na dada yake N-asetilgalaktosamini. Hicho ndicho kiganja chake. Ikishika ute inabaki hapo bila madhara makubwa. Ikiupenya ute na kushika seli za utumbo kwa kiganja hicho hicho, inaziua. Maabara ukiimwagia galaktosi nyingi kwenye chombo, kiganja kinajaa sukari hiyo, amiba inashindwa kushika seli, na seli zinapona.

Lektini hiyo ndiyo inayosaidia kipimo. Maana kuna amiba nyingine, Entamoeba dispar, inayokaa tumboni mwa watu wengi bila kuwaumiza, na sisti zake kwa hadubini hazitofautiki na zile za histolytica. Zilitambuliwa rasmi kuwa spishi mbili mwaka 1993. Mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sisti zikionekana kwa hadubini tu, majibu yaandikwe majina yote mawili, na mtu asiye na dalili asipewe dawa kwa sababu hiyo pekee. Kipimo kinachotafuta lektini ya histolytica kwenye choo kinaweza kuzitenganisha. Kwetu, pamoja na hayo, vituo vingi bado vina hadubini peke yake, na watu wanarudi nyumbani na dawa kwa neno moja tu lililoandikwa kwenye karatasi: amiba. Ukipewa karatasi hiyo na tumbo lako halina neno, muulize daktari ni amiba ipi, na imejulikanaje.